Sekunde Ishirini za Kuzuia Pumzi

Mgonjwa amelala chali ndani ya mashine ya MRI, masikio yamezibwa kwa sababu ya kelele. Sauti inamwambia: vuta pumzi, izuie. Ana kama sekunde 20. Dawa aliyochomwa mkononi inapita upande wa kulia wa moyo na kuingia kwenye ateri za mapafu, na picha lazima ipigwe hapo hapo. Damu huvuka mapafu kwa sekunde chache tu. Ukichelewa, vena nazo zimeshang'aa, na huwezi tena kujua ipi ni ipi.

Kwa MRI, pafu ni mtihani. Mashine hii husoma haidrojeni iliyomo kwenye maji ya mwili, ilhali pafu limejaa hewa. Tena, kila hewa inapogusana na nyama, uga wa sumaku huvurugika na ishara kufifia. Jirani yake ni moyo, ambao hautulii.

Kinachookoa picha ni gadolini iliyomo kwenye dawa ile, elementi ya 64, iliyopewa jina la mkemia wa Finland, Johan Gadolin. Yenyewe haing'ai. Huziharakisha protoni za maji yaliyo karibu nayo zirudi upesi katika mkao wake, na damu ikatoa ishara kali. Ikiachwa huru ni sumu, hivyo wakemia huifunga ndani ya molekuli kubwa ambayo figo huitoa kwa mkojo. Figo zikiwa mbovu sana ni hatari: mwaka 2006 madaktari waliihusisha na ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi, na tangu hapo molekuli zinazoishika kwa nguvu zaidi ndizo zinazopendelewa.

Mwaka 1997 James Meaney na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 30 walioshukiwa kuwa na damu iliyoganda mapafuni. Yalitia moyo sana. Kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi wa Marekani, PIOPED III, uliochapishwa mwaka 2010: watu 371, vituo saba. Picha zilizotoka vizuri zilionyesha bonge la damu kwa asilimia 78 ya waliokuwa nalo, na mara chache mno zikamsingizia asiye nalo. Lakini robo ya picha hazikufaa. Kituo kimoja kiliharibu asilimia 11, kingine 52! Tofauti kubwa kiasi hicho inanifanya nishuku mikono na mazoea kuliko sumaku.

Na kuna kejeli yake: anayeombwa azuie pumzi ndiye huyo huyo anayetweta. CT scan humaliza kwa sekunde chache, ndiyo maana bado inatangulia katika chumba cha dharura, licha ya mionzi yake.

MRI hupata nafasi kwa kijana atakayerudia kipimo mara nyingi, au kwa asiyevumilia dawa ya ayodini inayotumika kwenye CT. Siku hizi hupigwa picha mfululizo, moja baada ya nyingine, daktari akatazama weupe ukitoka kwenye shina la ateri na kutawanyika matawini. Penye bonge, tawi hukatika ghafla, na eneo lililo mbele yake hubaki jeusi.