Macho Makavu na Matone ya Kuyalainisha

Miongoni mwa neema alizotujalia Mwenyezi Mungu ni machozi. Wengi hudhani kuwa ni ya huzuni tu, kumbe kila tunapopepesa macho hutandazwa juu ya jicho utando mwembamba wa maji, mafuta na ute. Utando huo ukipungua, au ukikauka upesi, jicho huwasha, huchoma, na huwa kama limeingiwa na mchanga. Pengine hata hububujika maji kwa kukereka, na mwenyewe asisadiki kuwa ugonjwa wake ni ukavu.

Ndugu zetu wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa Nyasa, tangu Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, wana sababu nyingi za kuliangalia jambo hili. Upepo wa kusi, vumbi la kiangazi na moshi wa kuni huyakera macho. Umri nao huyapunguza machozi, na vijana wakodoleao simu kwa saa nyingi husahau kupepesa.

Wasomaji watauliza: ni matone gani yaliyo bora? Mwaka 2016 wataalamu wa Cochrane walikusanya majaribio 43 juu ya matone yauzwayo bila cheti cha daktari. Walionelea kuwa matone hayo yaweza kufaa, lakini haikudhihirika kuwa aina moja yazishinda nyingine zote. Basi haipasi baba wa nyumba kukopa fedha kwa ajili ya chupa ya bei kubwa. Haipromelozi na kamelozi, zilizo rahisi, zatosha kuanzia.

Tofauti iliyopo ni ya matumizi. Matone mepesi hayatii ukungu machoni, ila hayadumu. Jeli hudumu zaidi. Marhamu ya parafini hufaa wakati wa kulala, kwani hufifiza kuona. Atumiaye zaidi ya mara nne kwa siku atafute yasiyo na dawa ya kuhifadhi, ambayo yaweza kulikera jicho. Chupa nyingi zikifunguliwa hazifai kupita wiki nne, na tusiazimane.

Hatari kubwa iko kwingine. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia mkoa huu wa Ruvuma mwaka 2003, ukawasogezea wanavijiji dawa. Lakini aingiaye dukani na kuomba "dawa ya macho" tu aweza kupewa isiyomfaa. Dawa ya kuua vijidudu hailainishi jicho kavu. Steroidi, zikitumiwa pasipo daktari, zaweza kuzidisha presha ya jicho, kuleta mtoto wa jicho, na hata upofu. Maji ya majani na maziwa ya mama navyo visitiwe kabisa. Tuombe matone ya kulainisha, na tusome jina lake.

Kwa wafungao, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilikata shauri huko Jeddah mwaka 1997 kuwa matone ya macho hayabatilishi saumu, maadamu mtu hamezi kilichofika kooni.

Lakini jicho likiuma sana, likiwa jekundu, likitoa usaha, likiogopa mwanga au kuona kukififia, tusingoje matone. Twende hospitali siku ile ile. Macho ni amana, na amana hulindwa kabla haijapotea.