Nyasi Mpya Uani: Majuma Matatu ya Kwanza

Katika mitaa mingi ya Busia na Tororo, ua wa nyumba huwa ni udongo mtupu unaofagiliwa kila asubuhi. Wakati wa kiangazi ua huo hutoa vumbi linaloingia hata jikoni. Mvua zinyeshapo hugeuka matope, na maji huuchukua udongo kidogo kidogo mpaka msingi wa nyumba ukaonekana. Ndiyo sababu jamaa wengi, wakiwamo askari na polisi, hununua vipande vya nyasi vilivyokatwa pamoja na udongo wake, wakavitandika uani.

Mara nyingi nyasi hizo hufa upesi, na fedha za nyumba zikapotea bure. Kinachowadanganya watu ni rangi yake ya kijani. Kipande kilichokatwa kimeacha sehemu kubwa ya mizizi yake kule kilikotoka. Huweza kuonekana kizima kwa siku kadhaa, ingawa bado hakijashika ardhi mpya.

WAKATI WA KUTANDIKA

Katika sehemu hizi za mpakani mvua kubwa hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na mvua za pili kuanzia Septemba hadi Novemba. Mwanzo wa mvua ndio wakati unaofaa. Atandikaye mwishoni mwa Septemba ili kupamba ua kwa Sikukuu ya Uhuru wa Uganda, tarehe 9 Oktoba, husaidiwa na mvua. Angojaye mpaka karibu na Sikukuu ya Jamhuri ya Kenya, tarehe 12 Desemba, hukabiliwa na jua kali la Januari, na mzigo huwaangukia akina mama na watoto wanaoteka maji.

Mzigo huo si mdogo. Nusu sentimita ya maji juu ya meta moja ya mraba ni lita 5. Ua wa meta 4 kwa 5 wahitaji lita 100, yaani madumu matano ya lita 20, kila siku isiyo na mvua katika juma la kwanza.

KUTAYARISHA ARDHI

Ardhi ilimwe kwa kina cha sentimita 15. Mizizi yote ya sangari na vitunguu vya ndago viondolewe, kwani vikibaki vitachomoza katikati ya nyasi. Vipande vya miti na mabua makavu visifukiwe, maana huwaita mchwa. Samadi iliyooza vizuri ichanganywe na udongo. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kisha ardhi isawazishwe, na mteremko uelekee mbali na nyumba. Penye mashimo maji hutuama, na mbu wa malaria huzaliana humo.

Vipande vitandikwe siku ile ile vilipokatwa. Vikingoja, viwekwe kivulini chini ya magunia yaliyoloweshwa. Vipangwe kama matofali ukutani, kila kiungo kikiangukia katikati ya kipande cha mstari wa pili. Nyufa zijazwe udongo laini, kisha vipande vishindiliwe kwa ubao ili vigusane na ardhi.

MAJI NA ULINZI

Maji yamwagwe alfajiri, kabla ya jua kupanda. Katika majuma mawili ya kwanza udongo ulio chini ya nyasi usikauke. Kuanzia juma la tatu maji yamwagwe mara chache lakini kwa wingi, ili mizizi iyafuate chini. Maji ya kusuuzia nguo yanafaa, ila yale yenye povu jingi la sabuni hayafai.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyasi mpya ni mgeni asiyestahili kazi kwa majuma matatu. Watoto wacheze mpira kwingine, mbuzi wafungwe, na kuku wazuiwe, kwani huparua udongo na kuifunua mizizi.

Ili kujua kama nyasi zimeshika, pembe ya kipande ivutwe polepole. Ikinyanyuka kama mkeka, bado. Ikikataa, mizizi imeingia ardhini. Nyasi zikifikia sentimita 8 zikatwe kwa fyekeo lenye makali, na isiondolewe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake.

Kwa hiyo, kabla jamaa hawajalipia hata kipande kimoja, na waangalie kwanza kalenda, kisha wahesabu madumu.