Waini ya kwetu, mezani kwetu

Shosti, una mume anayeona waini ya Dodoma ni ya kunywea kilabuni tu? Mimi ninaye. Wageni wakija, lazima chupa itoke Ufaransa au Afrika Kusini. Wakati mkewe nimesomeshwa kwa zabibu za baba, kule Hombolo! Nilikuwa nanyamaza, ila iliniuma.

Mwezi uliopita tukaenda tamasha la chakula na mvinyo hapa Dar. Meza moja walizifunga chupa kwa karatasi, lebo huzioni. Unamiminiwa kidogo, unazungusha glasi, unanusa, kisha unaishikilia mdomoni kabla ya kumeza. (Wengine wanatema. Mimi? Thubutu!)

Baba Nuru akaipenda nyekundu moja kavu, isiyo na sukari, iliyokwenda sawia na mishikaki. Akarudia mara tatu. Karatasi kuvuliwa: Makutupora, zabibu ya Dodoma!

Kimya. Nikaona hapa hapa. Nikamweleza kwamba mizabibu ililetwa na wamisionari wa Kiitaliano miaka ya 1950, na kwetu tunavuna mara 2 kwa mwaka wakati Ulaya ni mara 1. Na ile dompo tamu aliyokunywa enzi za chuo siyo waini yote ya Dodoma. Mwisho nikalitoa la moyoni: kila akiiponda waini ya kwetu, ni kama anamponda baba.

"Mama Nuru, mbona hukuwahi kusema?"

Tukarudi na chupa mbili. Moja anafunguliwa bosi wake, Jumamosi.