Paka wako amepatikana na kisukari? Ugali wa wimbi si jibu

DAKTARI wa mifugo amekwambia paka wako ana kisukari. Umerudi nyumbani na sindano, kichupa cha insulini na swali moja kubwa: sasa huyu atakula nini?

Kila mtu ana jibu lake. Nyanya anasema apewe ugali wa wimbi kwa kuwa ndio anaokula yeye tangu sukari yake ipande. Kakako anasema maziwa yasiyo na mafuta. Jirani naye anasema mnyime chakula siku mbili, ati sukari itashuka yenyewe. Wote wanakutakia mema, lakini wote wanazungumzia mwili wa binadamu.

Paka si binadamu. Kwanza, haonji utamu kabisa. Ulimi wake hauna uwezo huo. Kisukari chake mara nyingi hufanana na kile cha aina ya pili kwa watu: insulini ipo lakini mwili hauitikii vizuri, hadi kongosho linachoka. Walio hatarini zaidi ni paka wanene, wenye umri mkubwa, madume waliohasiwa na wale wanaoshinda kochini wakilala.

Mla nyama ni mla nyama

Hebu fikiria paka anayejitafutia. Anakula panya, ndege, mjusi. Humo mna protini, mafuta na maji mengi, lakini wanga ni kidogo mno. Mwili wake umezoea kutengeneza sukari unayohitaji kutokana na protini.

Sasa linganisha na bakuli lake hapo nyumbani: ugali uliolowekwa kwenye mchuzi, wali uliobaki jana, mkate na maziwa. Wimbi linaweza kumfaa nyanya kuliko sembe, lakini kwa paka bado ni wanga. Maziwa nayo yana sukari yake ya asili, hata yakitolewa mafuta. Kwa hivyo kanuni ni moja: protini nyingi ya nyama, wanga kidogo iwezekanavyo.

Soma nyuma ya pakiti

Ukienda supamaketi, usidanganywe na picha ya samaki iliyo mbele. Geuza pakiti. Mara nyingi wanga hauandikwi, lakini unaweza kuupata kwa hesabu rahisi. Jumlisha asilimia ya protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu na unyevu, kisha utoe kwa 100. Kinachobaki ndicho wanga.

Chukua mfano wa chakula kikavu: protini 32, mafuta 12, nyuzinyuzi 3, majivu 8, unyevu 10. Jumla ni 65, kwa hivyo wanga ni 35. Chakula cha mkebe kinaweza kuwa na protini 10, mafuta 5, nyuzinyuzi 0.5, majivu 2, unyevu 80. Wanga hapo ni 2.5. Hata ukiondoa maji yote ili ulinganishe kwa haki, kikavu kina wanga wa takriban asilimia 39 na cha mkebe 12.5. Ndiyo maana madaktari wengi hupendelea cha mkebe. Isitoshe, kinampa maji paka anayekojoa sana.

Mfuko ukiwa mwepesi

Tuseme ukweli, mikebe ni ghali. Unaweza kupika kuku, nyama au samaki aliyetolewa miiba, bila chumvi wala viungo. Kitunguu maji na kitunguu saumu ni sumu kwa paka, kwa hivyo usimpe mabaki ya kitoweo cha familia.

Lakini nyama tupu kila siku haitoshi. Haina kalsiamu ya kutosha, na kirutubisho kiitwacho taurini hupotea kwenye maji ya kuchemshia. Paka akikosa taurini, moyo na macho huharibika. Maini nayo yakizidi humjaza vitamini A kupita kiasi. Mwulize daktari virutubisho vya kuongeza na vipimo vyake. Ikiwa unachoweza kumudu ni chakula kikavu pekee, tafuta chenye wanga mdogo zaidi na ukipime kila mlo.

Usibadilishe leo usiku

Hapa ndipo wengi huteleza. Dozi ya insulini hupangwa kulingana na chakula anachokula paka sasa. Ukipunguza wanga ghafla na dozi ibaki ile ile, sukari inaweza kuporomoka. Ataanza kulegea, kuyumba kama mlevi, hata kutetemeka na kuzimia. Ikitokea hivyo, mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye ufizi, usimmiminie kooni, kisha umkimbize kwa daktari.

Kwa hivyo piga simu kabla ya kubadilisha chochote. Chakula kipya huingizwa polepole, kwa siku saba hadi kumi, huku sukari ikipimwa. Mwambie daktari pia kama paka ana tatizo la figo, kwa kuwa mpango unaweza kubadilika.

Na ule ushauri wa jirani? Sahau. Paka, hasa mnene, akikaa siku chache bila kula, mafuta hujazana kwenye ini na anaweza kufa. Akikataa chakula, usimdunge dozi ya kawaida kabla ya kuzungumza na daktari.

Nyumba nzima iwe na msimamo mmoja

Kwa kawaida insulini hutolewa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, pamoja na mlo. Bandika karatasi jikoni: nani amemlisha, kiasi gani, saa ngapi. Mweleze mdogo wako na jirani kwamba kipande cha chapati si zawadi tena. Mpime uzani kila wiki. Kama ni mnene, apungue pole pole.

Juhudi hizi zina faida. Baadhi ya paka wanaotibiwa mapema kwa insulini na chakula chenye wanga mdogo hufika mahali wakaacha sindano kabisa. Lakini kisukari kinaweza kurudi, hivyo chakula hicho kiendelee hata sindano zikiisha. Na ukiona bakuli la maji limeanza tena kukauka haraka, usingoje. Mrudishe kwa daktari.