Ruzizi: mvua inaleta picha nzuri, na takataka pia

Wapiga picha wengi husubiri kiangazi, Juni hadi Agosti, barabara zikiwa kavu. Lakini kwenye mto Ruzizi, unaotoka ziwa Kivu hapa Bukavu na kushuka hadi ziwa Tanganyika, kiangazi kina kasoro yake: vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hufunika milima.

Mvua zinaporudi mwezi wa Septemba, hewa inasafika. Asubuhi, baada ya mvua ya usiku, milima ya ng'ambo inaonekana wazi na majani ni mabichi. Ndiyo saa ya kupiga picha. Ila mto huu ni mpaka na Rwanda: karibu na daraja au askari, omba ruhusa kwanza.

Mvua hiyohiyo inasukuma chupa na mifuko ya plastiki kutoka mitaa ya milimani hadi ziwani. Takataka hizo zinajikusanya kwenye bwawa la Ruzizi I, zinaziba mitambo, na mji unakosa umeme.

Ni rahisi kugeuza kamera ili zisionekane. Lakini picha inayopigwa mahali palepale kila msimu wa mvua ni ushahidi ambao hakuna kiongozi anayeweza kuukana.