Kutoka Kulimiana hadi Kujengewa: Kauli za Kitenzi na Maendeleo ya Mji Mdogo wa Nyansiongo

Makala haya yananuia kueleza jinsi wakazi wa mji mdogo wa Nyansiongo na vitongoji vyake, katika eneo la Borabu, Kaunti ya Nyamira, walivyozoea kuyashughulikia mambo yao ya pamoja: barabara, shule, maji, soko, na hata mazishi. Huenda msomaji akauliza, jambo hili lahusu nini chama cha wanafunzi wa Kiswahili? Tunaomba atuvumilie. Tunaamini kwamba historia nzima ya maendeleo ya mji huu, na ya miji mingine mingi iliyo mfano wake nchini Kenya, inaweza kusomwa katika minyambuliko ya vitenzi vichache tu: kulima, kuchanga, kujenga na kushiriki.

Kabla ya harambee, Wagusii walikuwa na risaga. Hili lilikuwa kundi la majirani waliokubaliana kufanya kazi katika mashamba ya wenzao kwa zamu, na hasa palizi, kazi ambayo haikawizwi kwa sababu magugu hayamsubiri mtu. Mwenye shamba hakulipa fedha. Aliandaa pombe na chakula, na jioni watu wakaketi. Mwanaanthropolojia Philip Mayer aliichunguza taasisi hii kwa kina, na mwaka wa 1951 akachapisha maelezo yake kuhusu ushirikiano wa kilimo baina ya majirani wa Gusii. Palikuwapo pia egesangio, kundi dogo zaidi, ambalo hadi leo halijafa kabisa, hasa miongoni mwa wanawake: leo kwako, kesho kwangu, kesho kutwa kwa fulani.

Mwanaisimu akiombwa kuitafsiri risaga kwa neno moja la Kiswahili, nadhani atachagua kitenzi kulimiana. Hapa pana kauli ya kutendeana: mzizi -lim-, kiambishi cha kutendea -i-, kisha -an- ya kutendana. Kila mmoja ni mtenda na mtendewa kwa wakati mmoja. Hapana mgeni wa heshima katika kulimiana. Asiyefika shambani kwa jirani hujua kwamba zamu yake ikifika atapalilia peke yake, na adhabu hiyo haihitaji karani wa kuiandika.

Hata hivyo, mji wa Nyansiongo haukuzaliwa katika ujirani wa namna hiyo. Katika enzi ya ukoloni sehemu kubwa ya Borabu ilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu, kwenye ukingo wa Nyanda za Juu zilizotengwa kwa ajili yao. Mnamo mwaka wa 1962 ndipo mpango wa makazi mapya wa ekari milioni moja ulipoanza kuwagawia Waafrika mashamba hayo, nao walioyapata walibeba madeni ya mikopo kwa miaka mingi. Familia zilizohamia huku zilitoka pembe mbalimbali za Gusii. Jirani hakuwa tena ndugu wa ukoo, na mashamba yalikuwa makubwa kuliko yale yaliyoachwa nyumbani. Aidha, ng'ambo ya mpaka waliishi Wakipsigis, ambao nao walikuwa na kumbukumbu zao kuhusu ardhi ile. Ikumbukwe kwamba Ukristo nao ulikuwa umeishusha pombe hadhi yake, na risaga isiyo na pombe ilikuwa kama ngoma isiyo na mchezaji. Watu hawa walihitaji njia nyingine ya kufanya kazi pamoja, na njia hiyo iliwajia ikiwa na jina la Kiswahili.

Harambee kwanza ulikuwa wito wa wapagazi wa Pwani waliposhirikiana kuvuta au kuinua mzigo mzito. (Wapo wanaolitafutia neno hili asili katika majina ya miungu ya Kihindi, mjadala huo ni mtamu lakini hautuhusu hapa.) Jomo Kenyatta alilifanya kaulimbiu ya taifa mnamo Juni 1, 1963, siku ya Madaraka. Katika Gusii lilipokewa kwa moyo mmoja. Shule nyingi za upili za miaka ya 1960 na 1970 zilijengwa kwa michango ya wazazi, na Chuo cha Ufundi cha Gusii, ambacho leo kinajulikana kama Kisii National Polytechnic, ni tunda la vuguvugu hilo hilo.

Inafaa tusimulie jinsi shughuli yenyewe inavyoendeshwa, kwa kuwa wanafunzi wa fasihi simulizi wameipuuza mno. Majuma kadhaa kabla ya siku hiyo, kamati husambaza kadi za michango, na anayepewa kadi huiona kama deni. Siku yenyewe hema hutundikwa uwanjani, meza hufunikwa kitambaa, na mweka hazina huketi na daftari lake mbele ya macho ya wote. Mfawidhi huita: fulani na marafiki zake! Fulani huinuka, marafiki wakamfuata kwa wimbo, na kiasi walichotoa hutangazwa kwa sauti. Kisha unakuja mnada, na hapa ndipo kipaji cha mfawidhi hupimwa. Ajuza aliyekosa fedha ameleta kuku. Kuku huyo hununuliwa kwa bei isiyokuwa na uhusiano wowote na soko, mnunuzi humrudisha mezani, akauzwa tena, akarudishwa tena, hata ikawa mchango wa ajuza umewapita wa waliokuja na magari. Mkungu wa ndizi hufanyiwa vivyo hivyo. Anayesema kwamba watu wa mashambani hawaelewi uchumi hajaona kuku mmoja akiezeka darasa.

Katika eneo la majanichai shughuli hizi zina msimu wake. Wakulima wanaopeleka majani katika kiwanda cha Nyansiongo, kilicho chini ya KTDA, hupata malipo kidogo kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka, kwa kawaida kufikia Oktoba. Kamati yenye busara haiitishi mchango mwezi Aprili. Na barabara ya kufika kwenye kituo cha kukusanyia majani si anasa: mvua ikiikata, gari la kiwanda halifiki, na majani yaliyokwisha kuchumwa hunyauka na kuharibika vikapuni.

Kisarufi, harambee ilianza kama kuchangiana, ndugu wa damu wa kulimiana. Lakini ilikuwa na mwanya mmoja, nao ni kile kiti cha mgeni wa heshima. Kadiri miaka ilivyokwenda, mwanasiasa akawa ndiye mchangaji mkuu, na umati ukawa mashahidi wa ukarimu wake. Fedha alizozitoa zilitoka wapi? Swali hilo halikuulizwa penye hema. Mwaka wa 2003 Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma iliwawekea watumishi wa umma mipaka katika uchangishaji. Na Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali hawataruhusiwa tena kushiriki harambee. Kwamba amri ya namna hiyo ilihitajika zaidi ya miaka 20 baada ya sheria ni ushahidi wa jinsi kiti kile kilivyo kitamu.

Mwaka huo huo wa 2003 ulileta Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, iliyotengewa si chini ya asilimia 2.5 ya mapato ya serikali. Hatuwezi kuibeza. Madarasa yalijengwa, karo ikalipwa, na mzazi aliyekuwa akiuza ndama kwa ajili ya kadi za michango akapumua. Lakini sikiliza kitenzi kilivyogeuka. Katika Nyansiongo, mzee akiulizwa kuhusu shule ya zamani husema, "Tuliijenga." Kijana akiulizwa kuhusu darasa jipya husema, "Tulijengewa." Kauli ya kutendewa imeingia, mtenda ametoweka katika sentensi, kisha amejitokeza katika ubao uliopigiliwa langoni ukitangaza ni nani aliyefadhili mradi. Fedha zilikuwa za kodi, yaani za mzee na kijana hao hao. Sarufi ndiyo iliyowanyang'anya.

Kuna sababu nyingine inayolifanya jambo hili kuwa zito katika mji huu kuliko kwingine. Mpaka wa Borabu na Sotik ulishuhudia mapigano mwaka wa 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Soko, barabara na zahanati za mpakani hutumiwa na Mgusii na Mkipsigis. Watu waliojengewa kitu kwa jina la kiongozi wa upande mmoja hawawi wepesi wa kukilinda pamoja. Lugha wanayokutania sokoni, kwa sababu hakuna anayeweza kumlazimisha mwenzake ajue yake, ni Kiswahili.

Katiba ya 2010 iliahidi tiba. Ibara ya 10 inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa, na Ibara ya 201 inautaka katika masuala ya fedha za umma. Serikali za mitaa za zamani zilikoma mwaka wa 2013, na Nyansiongo ikawa wadi mojawapo ya Kaunti ya Nyamira. Tangu hapo wananchi huitwa vikaoni kutoa maoni kuhusu bajeti. Niliwahi kuketi katika kikao kimoja cha aina hii, si lazima nitaje wapi. Makadirio yalikuwa kitabu kinene cha Kiingereza, nakala tatu kwa umati mzima. Afisa alisoma vichwa vya sura. Mama mmoja aliinuka akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni kwamba yeye ana neno moja tu, daraja la miguu pale mtoni, kwani watoto hukosa shule mvua ikinyesha. Karani aliandika kitu. Nilipochungulia nikaona ameandika kwa Kiingereza neno linalomaanisha miundombinu, na basi. Daraja, mto na watoto havikuwamo.

Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, hivyo hakuna sheria inayoizuia kaunti yoyote kuichapisha bajeti yake kwa Kiswahili. Kinachokosekana ni watu wa kuiandika, na istilahi za kuiandikia. Hata jina la shughuli yenyewe halijatulia. Wengine husema ushiriki wa umma. Wengine, na nadhani ndio wengi katika vyombo vya habari, husema ushirikishwaji wa umma. Tazama neno hilo la pili: -shiriki-, kisha -ish- ya kusababisha, kisha -w- ya kutendwa. Mwananchi hashiriki, anashirikishwa na mtu mwingine, anapopenda mtu huyo. Yule mama wa daraja hakungoja kushirikishwa. Aliinuka.