Jino Lisilong'olewa: Tiba ya Mfereji wa Jino na Tatizo la Istilahi

Mzungumzaji wa Kiswahili anapokwenda kwa tabibu wa meno huwa na vitenzi viwili: kung'oa na kuziba. Tiba ya tatu, ambayo huliokoa jino lililokwisha kuoza hadi ndani, haijapata jina linaloeleweka na wote. Makala haya yanakusudia kuieleza tiba hiyo kwa Kiswahili, na kuonyesha kwamba ukosefu wa jina si suala la kamusi tu. Huko Masalani, katika eneo la Ijara, Kaunti ya Garissa, ukosefu huo huweza kumgharimu mtu jino.

Nianze na kisa. Ami yangu aliumwa na gego la chini kwa majuma matatu. Alisafiri kutoka Masalani hadi kliniki moja mjini, nami nikiwa mkalimani wake, kwa kuwa lugha yake ni Kisomali na Kiswahili chake ni cha sokoni. Tabibu alimwambia kwa heshima: "Mzee, jino hili halihitaji kung'olewa. Tutaua mshipa, kisha tuzibe." Ami alinigeukia kwa mshtuko. Katika Kiswahili anachokijua, mshipa ni ule ugonjwa wa wanaume wa kuvimba sehemu za siri. Nami, mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, sikuwa na neno la kumfafanulia, si kwa Kiswahili wala kwa Kisomali. Jino likang'olewa.

Tiba yenyewe ni ipi? Sehemu ya jino inayoonekana imefunikwa na enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini mwa binadamu, hata mfupa. Chini yake pana dentini, na katikati kabisa pana kiini, yaani nyama laini yenye neva na mishipa ya damu. Kiini hicho huteremka ndani ya kila mzizi kupitia mfereji mwembamba. Jino la mbele la juu kwa kawaida lina mfereji mmoja. Gego kubwa la kwanza la juu lina mizizi mitatu na mara nyingi mifereji minne. Bakteria hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi hiyo inapotoboa tabaka mbili za juu, kiini huvimba. Kwa kuwa kimezungukwa na kuta ngumu, hakina pa kupanukia. Ndiyo maana mgonjwa hakeshi kwa hiari yake. Kiini kikifa, maumivu huweza kutulia, mtu akadhani amepona, kumbe usaha unajikusanya kwenye ncha ya mzizi.

Tabibu hupiga picha ya eksirei, akamchoma mgonjwa sindano ya ganzi, kisha akalitoboa jino kwa juu na kukitoa kiini. Husafisha mifereji kwa tupa nyembamba sana, akiiosha kwa haipokloriti ya sodiamu, kemikali ile ile iliyomo katika dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ingawa hapa hutumiwa kwa uangalifu wa kitabibu. Mifereji ikikauka hujazwa gutapacha, utomvu wa mti wa Kusini-Mashariki mwa Asia uliotumika katika meno tangu karne ya 19. Gego aghalabu huvishwa kofia baadaye, kwani jino lililochimbwa huvunjika kwa urahisi.

Ikubaliwe kwamba neno peke yake haliponyi. Tiba hii huhitaji mashine, fedha, na mara nyingi ziara zaidi ya moja, ilhali kung'oa humalizika siku hiyo hiyo. Kwa mtu wa Ijara, ziara ya pili ni safari nyingine. Hata hivyo, mgonjwa hawezi kudai, wala kuchangiwa na jamaa zake, tiba asiyoweza kuitaja.

Tutazame pia jinsi lugha zetu zinavyoliona jino lililooza. Waswahili husema limeliwa na mdudu. Wasomali husema *suus*, neno ambalo katika Kiarabu hutaja pia kidudu cha kutoboa nafaka. Dhana hii ni kongwe; imo katika maandishi ya Babeli ya kale, na Mfaransa Pierre Fauchard aliitilia shaka katika kitabu chake cha mwaka 1728. Inaeleweka upesi, ila ina kasoro moja kubwa: mdudu akishaingia, busara huonekana ni kumtoa pamoja na nyumba yake.

Kwa hiyo napendekeza "tiba ya mfereji wa jino", na "kiini" kwa kile kinachotolewa. "Kuua mshipa" iachwe kabisa. Wapo watakaosema kwamba mfereji ni mkubwa mno kwa kitu chembamba kama uzi, na kwamba kwa wengi mfereji ni bomba la maji. Hoja hiyo ina uzito. Lakini watu wa bonde la Tana wameishi na mifereji ya umwagiliaji ya Hola na Bura kwa miaka mingi, na wanajua kwamba mfereji ukijaa matope haufukiwi. Nilipomweleza ami kwa mfano huo, jino likiwa limekwisha kutupwa, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini yule tabibu hakusema hivyo.